Betri ya "Grafini": Nunua Uwezo, Usinunue Jina

Mkazi wa Rangwi anayetafuta betri ya sola huenda akaambiwa kuwa betri fulani ni ya "grafini", na kwamba ndiyo sababu ya bei yake kubwa. Jina hilo lina maana gani?

Grafini ni tabaka moja la atomu za kaboni, kaboni ileile inayounda madini ya kinywe yapatikanayo Mahenge. Watafiti huichanganya na mirija midogo mno ya kaboni. Mirija hiyo huzuia matabaka yasigandamane, hivyo nafasi ya kuhifadhi chaji hubaki kubwa. Ndani ya betri, kiasi kidogo cha kaboni hiyo husaidia umeme kupita kwa wepesi. Hata hivyo, jina pekee halithibitishi uwezo.

Uwezo hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya risasi na asidi, inashauriwa kutumia nusu tu ili idumu: wati-saa 600, zinazotosha taa ya wati 10 kwa saa 60. Siku za ukungu, akiba hiyo ndiyo tegemeo la nyumba.

Kabla ya kulipa, tunakushauri usome namba hizo kwenye betri, udai risiti na hati ya dhamana inayotaja muda wake. Muuzaji akisisitiza grafini, mwombe aliandike dai hilo kwenye risiti. Pasipo maandishi, utakosa ushahidi wa kulalamikia.