Koti la Majani Makavu

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Zab. 104:10–24, Mit. 30:24–28, Omb. 3:19–24, 2 Kor. 12:7–10, Zab. 77; Yos. 4:1–7, Ebr. 10:23–25.

Fungu la Kukariri: Zaburi 77:11.

Miaka kadhaa iliyopita niliambatana na vijana wa kanisa kupanda Mlima Kenya. Jioni ya pili tulipiga hema katika bonde lililo zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi ilikuwa imeanza kuuma. Karibu na hema ulisimama mmea mrefu kuliko mtu, wenye kichwa cha majani mabichi, na shina lililofunikwa kwa majani makavu tangu juu hadi chini. Nilinyosha mkono niyavute, nipate ya kuwashia moto. Kiongozi wetu wa safari akanishika mkono. “Mwalimu, hizo si takataka. Ni koti lake. Ukiuvua usiku huu, baridi itauumiza.”

Juma hili tutajifunza jambo moja kutoka kwa viumbe wa milima mirefu. Mungu hakuondoa baridi mlimani, bali aliwapa wakaao huko namna ya kuuvuka usiku. Je, sisi ametupatia nini kwa ajili ya usiku wetu?

JUMAPILI: Wadogo Katika Miamba

Soma Zaburi 104:10–24 na Mithali 30:24–28. Wibari ni dhaifu. Basi kwa nini anahesabiwa kuwa na akili?

Wibari wa Biblia ni mnyama yule tunayemwita pimbi. Katika Mlima Kenya wako pimbi wenye manyoya mazito kuliko ndugu zao wa nyanda za chini. Hata hivyo manyoya peke yake hayatoshi, kwa kuwa mwili wa pimbi hautunzi joto vizuri kama miili ya wanyama wengine wengi. Kwa hiyo usiku pimbi hujibana pamoja ndani ya nyufa za miamba, na asubuhi hutoka kuota jua. Hawana nguvu za chui. Hekima yao ni kujua mahali pa kukimbilia, na kutolala peke yao.

Unapozidiwa, unakimbilia wapi kwanza?

JUMATATU: Kila Usiku

Soma Maombolezo 3:19–24. Kwa nini ni muhimu kwamba rehema za Bwana ni mpya kila siku asubuhi?

Katika nchi za kaskazini baridi kali huja kwa majira. Miti mingi hupukutisha majani na kungoja miezi ipite. Lakini Mlima Kenya uko kwenye Ikweta. Kule juu mchana jua huchoma, na usiku baridi hugandisha, karibu mwaka mzima. Hakuna majira ya kungojea. Ndiyo maana mmea ule niliotaka kuuvua, uitwao senesio, hukunja majani yake mabichi kuelekea ndani giza linapoingia, ukakifunika kichipukizi kilicho katikati. Jua likichomoza, huyafungua tena.

Yeremia aliomboleza maangamizi ya Yerusalemu. Hakupewa akiba ya rehema za mwaka mzima. Alipewa za siku ile. Ibada ya asubuhi na jioni si desturi tu ya nyumba za Kikristo. Ndivyo moyo unavyofunikwa na kufunguliwa.

JUMANNE: Barafu Juu, Maji Chini

Soma 2 Wakorintho 12:7–10. Paulo aliomba nini, na alipewa nini?

Mlimani humo, penye udongo wa majimaji, humea aina ya lobelia ambayo majani yake yamejipanga kama bakuli, nayo hushika maji. Usiku uso wa maji hayo huganda. Maji yanapoganda hutoa joto kidogo, na tabaka la barafu huzuia yaliyo chini yasipoe haraka. Ukivunja barafu hiyo alfajiri, chini yake utakuta maji, na ndani ya maji kichipukizi kizima. Baridi ilikuja, lakini haikuufikia uhai.

Mwiba wa Paulo nao haukuondolewa. Basi tuwe waangalifu tusimwambie mgonjwa au mfiwa kwamba kama angekuwa na imani, baridi isingemjia. Dunia hii imeharibiwa na dhambi, na viumbe vyote vinaugua (Rum. 8:22). Paulo aliahidiwa neema ya kumtosha palepale penye mwiba.

JUMATANO: Majani ya Zamani

Soma Zaburi 77. Maneno ya Asafu yanabadilika wapi, na ni nini kilichoyabadilisha?

Majani ya senesio yakifa hayaanguki. Hubaki yameshikamana na shina, tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka. Ndani ya shina kuna maji. Shina likiganda, jua la asubuhi litayachoma majani wakati maji hayawezi kupanda. Katika milima ya Andes, huko Venezuela, iko mimea ya aina nyingine yenye umbo kama hilo. Watafiti walipoivua baadhi yake majani makavu, mimea hiyo ilipata shida ya maji kwa sababu ya baridi. Jani lililokwisha kufa lilikuwa bado linafanya kazi.

Asafu naye alikuwa usiku. Aliuliza maswali magumu, hata kama Mungu amesahau fadhili zake. Kuanzia fungu la 11 hapati habari mpya. Anakumbuka matendo ya kale. Kuvuka bahari kulikuwa jambo la vizazi vilivyopita, lakini kulimfunika. Tena zaburi haisemi kwamba shida yake iliisha.

Ni tendo gani la Mungu la zamani ambalo umeacha kulikumbuka?

ALHAMISI: Nani Atawaambia Watoto?

Soma Yoshua 4:1–7 na Waebrania 10:23–25. Mawe yale kumi na mawili yalikuwa kwa faida ya nani?

Niliporudi kutoka mlimani nilikuwa na jambo la kutubu. Mwaka ule, nikipanga ratiba ya Shule ya Sabato kanisani kwetu, nilikuwa nimeondoa dakika za ushuhuda. Wazee walirudia visa vilevile: njaa, mvua, mtoto aliyepona. Nilisema tunahitaji mambo mapya.

Kisha mama mmoja kijana akafiwa na mtoto. Tulimpelekea mahubiri na mafungu, alikaa kimya. Siku moja bibi mmoja wa kanisa akaketi naye jikoni, akamsimulia jinsi alivyozika watoto wawili na jinsi Mungu alivyomshika. Kisa hicho nilikuwa nimekisikia mara nyingi, na ndicho nilichokiondoa kwenye ratiba. Mama yule akalia kwa mara ya kwanza. Sabato iliyofuata alikuja kanisani, akaketi karibu na bibi.

Niliwaomba wazee msamaha, nikawarudishia dakika zao.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma Ayubu 39:1–4, ambapo Mungu anamwuliza Ayubu juu ya mbuzi wa milimani. Ayubu hakuelezwa sababu ya mateso yake. Alionyeshwa Mungu anayejua saa ya kuzaa ya wanyama wasioonwa na mtu yeyote. Mungu huyo anaujua usiku wako pia.

Maswali ya Kujadili

1. Kuna tofauti gani kati ya kukumbuka matendo ya Mungu ya zamani na kuishi katika mambo yaliyopita?

2. Katika kanisa lenu, ni akina nani wanaoonekana kama majani makavu? Wanamfunika nani bila ninyi kujua?

3. Mtu aliye katika usiku wa baridi anahitaji kusikia nini kwetu, na ni maneno gani tungefanya vema kutoyasema?

4. Sabato hii, kabla ya kufunga darasa, mwombeni mshiriki mmoja mzee asimulie jinsi Mungu alivyomvusha. Hata kama mmewahi kukisikia kisa chake, msimkatize.