Kuchakaza Modeli ya Ndege: Corsair ya Pasifiki

Kuchakaza modeli, yaani kuipaka rangi ionekane imepigwa na jua, mvua na kazi, ni sanaa inayoanzia kwenye picha za ndege halisi, kwa kuwa doa lisilo na chanzo huiharibu modeli kuliko kama ingeachwa safi. Vought F4U Corsair, ambayo askari wa Marine wa Marekani walianza kuitumia Guadalcanal mwezi Februari 1943, hulidhihirisha jambo hilo. Tangi lake la petroli, lililokaa mbele ya chumba cha rubani, lilivuja hata mafundi wakabandika utepe mweupe juu ya viungo vya bati ili petroli isichafue kioo cha mbele, na utepe huo ni alama isiyofaa kusahauliwa. Aidha, sehemu ya nje ya bawa, nyuma ya mhimili mkuu, ilifunikwa kwa kitambaa, hivyo mikwaruzo ya alumini inayochorwa hapo (nayo huchorwa mno) haina msingi wowote.

Rangi ilibanduka hasa kwenye shina la bawa, palipokanyagwa na rubani na mafundi. Hapo hupakwa kwanza rangi ya fedha, ikafunikwa kwa vanishi, kisha hupulizwa sprei ya nywele, na juu yake rangi ya akriliki, ambayo ni rangi inayozimuliwa kwa maji. Rangi hiyo ikishakauka, eneo hulowanishwa na kusuguliwa taratibu kwa brashi ngumu, maji yakaiyeyusha sprei iliyo chini na rangi ikatoka kwa vipande visivyolingana, jambo ambalo mkono wa mchoraji haulipati kwa urahisi. Kiasi ndicho kigumu: katika skeli ya 1:48, mkwaruzo wa nusu milimita ni sawa na milimita 24 kwenye ndege halisi.

Mistari ya viungo hutiwa rangi ya mafuta ya wasanii iliyozimuliwa sana kwa tapentaini, juu ya vanishi ya akriliki inayong'aa na iliyokauka kabisa, kwa sababu utelezi wake huiacha rangi itiririke ndani ya mstari, na vanishi yenyewe huikinga rangi ya chini isiguswe na tapentaini. Kahawia iliyochanganywa na kijivu hufaa kuliko nyeusi, ambayo huigeuza ndege kuwa mchoro wa ramani.

Masizi ya ekzosi hupulizwa kwa tabaka nyembamba kwenye tumbo la ndege, yakifuata mkondo wa hewa kuelekea mkiani. Mwisho kabisa, baada ya vanishi isiyong'aa, magurudumu hupakwa unga mweupe wa rangi kuwakilisha vumbi la matumbawe yaliyopondwa kutandazia viwanja vingi vya visiwani. Vanishi ikipulizwa juu ya unga huo, sehemu kubwa yake hufifia.