Neno "Felicitations" na Mahali Pake

Mwaka huu jirani yetu wa Mtoni, Temeke, alipata furaha kubwa: binti yake alifaulu mtihani wa kidato cha sita. Baba akanituma niandike barua ya pongezi. Mimi nikataka kuonyesha Kiingereza changu, nikaandika: "Please accept our felicitations." Binti mwenyewe alikuwa safarini, hivyo jioni mzee alikuja na barua mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmenishtaki kwa kosa gani?"

Nilitahayari sana. Kwa hiyo nimeona vema kuwaeleza wenzangu habari za neno hili.

Asili yake ni neno la Kilatini "felix", maana yake mwenye heri au mwenye bahati. Akina Felix tunaosoma nao wamepata jina lao huko huko. Basi "felicitations" ni kumtambua mtu kwamba amepata heri. "Congratulations" nalo latoka katika Kilatini, lakini maana yake ya asili ni kufurahi pamoja na mtu.

Kwa Waingereza, "felicitations" ni neno rasmi na la kizamani kidogo. Lafaa, kwa mfano, mkuu wa nchi anapompelekea mwenziwe salamu za sikukuu ya taifa, kama yetu ya 9 Desemba. Huandikwa kwa wingi, yaani kwa "s" mwishoni, na hufuatwa na "on": "Felicitations on your success." Wengi wetu huandika "for", kwa sababu twafasiri "kwa" ya "hongera kwa kufaulu".

Lakini kandokando ya Ziwa Tanganyika, katika Burundi na Kongo, wasemao Kifaransa wanalo neno hilo hilo kwa matamshi yao, nao humwambia hata mtoto mdogo aliyefaulu darasani. Neno ni moja. Kule ni la kila siku, katika Kiingereza ni la barazani.

Basi tusichague neno kwa uzito wake, bali tumtazame atakayelipokea. Ile barua niliichana, nikaandika nyingine: "Hongera sana, Mzee, wewe na binti yako. Furaha yenu ni yetu."

Mzee aliisoma mara mbili, akacheka, akaikunja, akaitia mfukoni.