Homoni za Kukoma Hedhi: Fanya Hili, Acha Lile

Jasho linakulowesha usiku, joto linakupanda ghafla hadi usoni, usingizi hauji. Hayo yana tiba, mama. Ila tiba hiyo haitaki kubahatisha.

FANYA

Pima malaria kabla ya kumeza mseto. Wapo akina mama hapa Mpemba wanaotibu homa mwezi hata mwezi, kumbe ni hedhi inayokoma.

Muone daktari, Vwawa au Mbeya. Apime presha, akague matiti na mlango wa kizazi. Mwambie yote: saratani ya matiti, kiharusi, ugonjwa wa ini, damu iliyowahi kuganda mguuni. Ukimficha, utakayeumia ni wewe.

Kama kizazi bado unacho, homoni ya estrojeni iende pamoja na ya projesteroni. Estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi, na hapo ndipo saratani huanzia. Usitoke kwa daktari hujauliza dawa yako ina nini.

Anza mapema: kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 kuhusu homoni hizi, uliowatisha madaktari dunia nzima, ulihusu wanawake wa wastani wa miaka 63. Kwa hofu ile, wa miaka 50 wakanyimwa dawa iliyowafaa. Na hedhi ikikoma kabla ya miaka 40, usivumilie hata kidogo, mifupa inadhoofika.

USIFANYE

Usinunue vidonge vya magendo. Kutoka Nakonde, upande wa Zambia, hadi Tunduma ni hatua chache tu, na vidonge vinafika vimekatwa kwa mkasi, tarehe ya mwisho imebaki kwenye kipande alichouziwa mwenzako.

Usimeze vidonge vya majira vya binti yako. Nguvu yake ni kubwa kuliko unayohitaji. Mama mmoja mwenye presha alivimeza wiki chache tu, mguu mmoja ukavimba. Damu ilikuwa imeganda.

Usidhani homoni hizi zinazuia mimba. Hazizuii.

Usiseme "hedhi imerudi". Mwaka umepita bila damu, kisha tone likatoka? Hospitali wiki hiyohiyo, hata kama unatumia homoni. Nimechoka kuwapokea akina mama walioficha damu kwenye khanga miezi kadhaa kwa aibu, saratani ya mlango wa kizazi ikiwa imeshasambaa.