Nuru Inayofungua Jicho Lililopasuliwa

Mtu amepasuliwa mtoto wa jicho. Amerudi kwake Buluo, anaona njia, anaona nyuso za wajukuu wake, anatembea bila fimbo. Mwaka unapita, pengine miwili, na ukungu unaanza kurudi. Jicho haliumi wala si jekundu, lakini usiku taa za motokari zinamtawanyikia machoni. Jirani mmoja anasema munganga alifanya kazi vibaya. Mwingine anasema kuna mtu mwenye wivu. Basi mzee anakaa nyumbani, na mtoto anamshika mkono kama zamani.

Ndugu msomaji, jambo hili linajulikana sana, na mara nyingi dawa yake ni nuru.

Kwanza, ukungu huu ni nini? Ndani ya jicho kuna lenzi, nayo imo katika kifuko chembamba sana. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyochafuka. Munganga anaitoa, anaweka lenzi ya plastiki ndani ya kifuko kilekile. Ngozi ya nyuma ya kifuko huachwa kwa makusudi, ili ishike lenzi mpya. Lakini mabaki ya chembe za lenzi ya zamani yanaweza kuota juu ya ngozi hiyo, kama ukungu juu ya mkate, mpaka nuru isipite vizuri. Kwa hiyo si mtoto wa jicho aliyerudi, maana lenzi ya zamani haipo tena. Wala si kazi mbaya ya munganga.

Ngozi hiyo ikitobolewa tundu katikati, mtu anaona. Zamani ilitobolewa kwa sindano au kisu, na kila chombo kinachoingia jichoni kinaweza kuingiza vijidudu. Sasa iko leza.

Watu wa Likasi wanajua mawe, basi hawatashangaa nikisema kwamba leza ya kwanza, ile ya Theodore Maiman huko Marekani mwaka wa 1960, ilitoka katika jiwe, yaani yakuti nyekundu. Leza ya kazi hii ya macho hutumia jiwe linaloundwa na watu, liitwalo YAG, lenye madini ya neodimi ndani yake. Jiwe huwekwa kati ya vioo viwili. Nuru huenda na kurudi kati ya vioo hivyo, ikiongezeka nguvu kila inapopita katika jiwe, na kioo kimoja huruhusu sehemu yake kutoka nje.

Sasa angalieni gitaa. (Gitaa si geni kwetu, ni katika mji huu Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco mwaka wa 1952, ulipokuwa ukiitwa Jadotville.) Kamba iliyokazwa pande mbili haitoi kila sauti. Inatoa zile tu zinazolingana na urefu wake. Hali moja na nuru iliyofungiwa kati ya vioo: inakuwa mawimbi ya namna nyingi yanayopishana kidogo kidogo, na kila namna huitwa modi. Zikiachwa, kila modi inainuka na kushuka kwa wakati wake, hazisaidiani.

Mmewaona watu wa reli wakiinua chuma. Kila mtu akivuta kwa wakati wake, chuma hakiondoki, ingawa jasho linatoka. Mmoja akianza wimbo, na wote wakavuta kwenye neno moja, chuma kinanyanyuka. Mwaka wa 1964 Hargrove, Fork na Pollack, wa maabara ya Bell huko Marekani, walizifunga modi za leza katika wimbo mmoja. Kati ya vioo waliweka kifaa kinachozuia na kuachilia nuru kwa kipimo kilekile cha safari yake ya kwenda na kurudi. Hapo modi zote zinainuka pamoja kwa nukta moja, kisha zinazimana, kisha zinainuka tena pamoja. Nuru haitoki kama maji ya bomba, bali kama mapigo ya nyundo. Vioo vikiwa mbali mita moja na nusu, mapigo ni milioni 100 kwa sekunde moja.

Na pigo lenyewe ni fupi mno. Nuru ingeweza kuizunguka dunia mara saba na nusu kwa sekunde moja. Lakini katika pikosekunde, yaani sekunde iliyogawanywa mara milioni milioni, haiendi hata nusu milimeta. Hapo ndipo faida kwa jicho. Pitisha kidole upesi kwenye mwali wa mshumaa, hutaungua. Vivyo hivyo pigo fupi lina joto kidogo tu, lakini kwa kuwa lote linafika mahali padogo kwa wakati mdogo, linatoa cheche inayopasua ngozi kabla joto halijaenea pembeni.

Danièle Aron-Rosa, munganga wa macho wa Paris, alitumia leza ya modi zilizofungwa, na mwaka wa 1980 akaeleza jinsi alivyofungua ngozi ile bila kisu kuingia jichoni. Franz Fankhauser wa Bern, Uswisi, alifanya kazi hiyo kwa njia nyingine: nuru inazuiwa kama maji nyuma ya mlango, kisha inaachiliwa yote mara moja. Mashine nyingi za hospitali leo ni za njia hii ya pili. Pigo lake ni refu zaidi, lakini cheche yake inafaa kazi ileile.

Mgonjwa anatiwa matone ya kupanua mboni na ya kufisha ganzi. Anaweka kidevu mahali pake, anatazama mbele, anasikia tik, tik. Ni dakika chache. Usiondoke upesi baadaye, maana mkazo wa jicho unaweza kupanda, na ni lazima upimwe. Vidoa vyeusi vinavyoelea kwa siku kadhaa si ajabu. Lakini ukiona vidoa vingi vya ghafula, au mimweko ya nuru, au kama pazia linashuka, rudi siku ileile. Pengine pazia la ndani linabanduka.

Leza hii haiponyi kila upofu. Kovu la mbele ya jicho halifutiki nayo, wala macho yaliyoharibiwa na ugonjwa wa usubi hayarudi. Mashine haipatikani katika kila hospitali, kwa hiyo mwambie mwuguzi tarehe ya kupasuliwa kwako, naye aulize ni wapi utatumwa. Majani na maziwa usitie jichoni hata siku moja unapongoja.

Na zile taa ndogo za leza wanazochezea watoto, wasielekezeane machoni.