Gari linamisi baada ya kuoshwa injini

SWALI: Corolla yangu ya mwaka 1998, injini ya 5A, ilioshwa injini juzi. Tangu hapo linatetemeka likiwa limesimama na halina nguvu mlimani. Fundi anataka kubadili pampu ya mafuta. Nikubali?

JIBU: Usikubali kwanza. Pampu ikichoka, kwa kawaida silinda zote nne hukosa mafuta. Mtetemo wa mpigo mmoja, tena baada ya kuoshwa, mara nyingi ni silinda moja isiyopata moto.

Injini ikiwa imezimwa, chomoa waya za plagi moja moja na uchungulie kwenye shimo. Ukiona maji, yapulize kwa kompresa. Ukikuta oili, sili za kava la juu zimekwisha. Hiyo ni kawaida kwa injini za umri huu. Fungua pia kifuniko cha distributa, ukipanguse, utafute ufa mwembamba mweusi kama unywele.

Vyote vikiwa vikavu, hamisha plagi inayoshukiwa kwenye silinda ya jirani. Misi ikihama nayo, nunua plagi. Isipohama, jaribu waya.

Usiliendeshe mbali hivyo: petroli isiyoungua huharibu kichujio cha moshi, na hicho ni ghali kuliko plagi zote nne.