Safu ya Ushauri: Kulefti Kundi la Harusi

Kundi la WhatsApp la mchango wa harusi huanzishwa na mtu mmoja, kwa kawaida kaka, shangazi au rafiki wa karibu wa mmoja wa maharusi, anayekaa usiku na simu yake akipitia majina yote aliyonayo. Kila jina linaloonekana kufaa huingizwa papo hapo, bila mwenyewe kuulizwa. Kesho yake watu wanaamka wakiwa wajumbe wa harusi ambayo hawajaisikia. Mama mmoja wa Morogoro ameiandikia safu hii kwamba ndani ya mwezi mmoja ameingizwa katika makundi matatu ya namna hiyo. La kwanza ni la binti wa dada yake, la pili la mfanyakazi mwenzake, na la tatu la kijana wa jirani aliyehama mtaa miaka mingi iliyopita, kijana ambaye hata sura yake haikumbuki tena. Mumewe amemwambia azime simu. Yeye anauliza mambo mawili: je, anaweza kulefti bila kuonekana amewasusa wenzake? Na akikaa kimya, watu watajua kwamba ujumbe ameusoma?

Kuchangia harusi ni desturi ya zamani kuliko simu. Jirani alileta mchele, mwingine kuni, mwingine kuku au mbuzi. Wanawake walikuja na visu vyao kumenya vitunguu, na wanaume wakachinja, wakachota maji, wakasimamisha turubai. Mijini fedha ilichukua nafasi ya sehemu kubwa ya vitu hivyo, ikaja kadi ya mchango, yenye nafasi wazi ambamo jina la mchangiaji liliandikwa kwa kalamu. Kadi ile ilipelekwa kwa mkono. Aliyeipeleka alikaribishwa kiti, akajuliwa hali, akaulizwa bibi harusi anatoka wapi, na akaondoka na jibu au na siku ya kurudi kulifuata. Kazi hiyo ya miguu ndiyo iliyoweka mpaka wa orodha, kwa kuwa hakuna aliyepanda daladala mbili kumpelekea kadi mtu asiyemfahamu.

Mpaka huo uliondolewa na vitu viwili vilivyokuja karibu pamoja. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, ikafika Tanzania mwaka uliofuata. WhatsApp ilianzishwa Marekani mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton. Mwaka 2016 kundi moja liliweza kubeba watu 256, na kufikia mwisho wa 2022 liliweza kubeba watu 1,024. Kumwongeza mtu wa mia tatu hakumgharimu chochote anayemwongeza. Jibu la kundi la tatu linaanzia hapo: kuingizwa kundini hakuonyeshi kwamba familia ya bwana harusi iliketi ikamhesabu mama huyu miongoni mwa watu wake. Mara nyingi kunaonyesha tu kwamba namba yake haijafutwa.

Kiini cha kundi ni orodha. Huanza na majina ya maharusi, tarehe na ukumbi, kisha namba ya mweka hazina, halafu majina ya wachangiaji, kila jina na ahadi yake, na mbele ya ahadi tiki ya kijani kwa aliyekwisha kulipa. Kwa kuwa kundi halina karatasi moja ambayo wote wanaweza kuiandika, kila anayeahidi hunakili orodha nzima, huongeza jina lake chini na kuirusha upya. Orodha ile ile hupita tena na tena kutwa nzima, ikifuatwa na msururu wa "Mungu akubariki" na mikono ya kupiga makofi. Watu wawili wakinakili kwa wakati mmoja, wa mwisho kurusha humfuta wa kwanza bila kukusudia. Mjomba aliyekuwa namba kumi na saba asubuhi, jioni hayumo. Hawezi kujua kwamba ni ajali ya kunakili. Anaamini ametolewa kwa sababu ahadi yake ni ndogo, na kinyongo hicho kinaweza kufika hadi siku ya harusi bila kutamkwa. Dawa yake ni rahisi, na inasikitisha kwamba kamati chache tu huitumia: katibu mmoja ashike orodha, wengine wamwandikie yeye pembeni, naye airushe mara moja kwa siku.

Mpangilio wa majina nao una nguvu yake. Anayetangulia huwa mwenyekiti au ndugu mwenye uwezo, na kiasi alichoandika huwa kipimo. Akiandika laki tatu, wanaofuata huandika mbili na moja. Mwenye elfu ishirini hukaa kimya siku kadhaa akitafuta namna ya kuiweka tarakimu yake chini ya hizo. Ukimya mwingi katika makundi haya si ubahili wala dharau, ni aibu. Kamati huuzidisha zinapotangaza kima cha chini cha kadi ya mtu mmoja na cha kadi ya watu wawili. Hapo mchango hugeuka kiingilio, na wanaokerwa na jambo hilo wana haki ya kukerwa, kwa sababu aliyeleta kuni enzi zile hakuulizwa ni mzigo wa kiasi gani kabla ya kupewa sahani ya pilau.

Fedha zinapoanza kutumwa, mkanganyiko mwingine huzuka. Ujumbe unaomfikia mweka hazina huonyesha jina la aliyesajiliwa kwenye laini, na si ajabu laini kuwa na jina la mume, mtoto au ndugu wa anayeitumia. Mama aliyeahidi anatuma kwa simu ya mwanawe, na mweka hazina anapokea fedha ya mtu asiyekuwamo kwenye orodha. Ndiyo maana kundi hujaa picha za miamala, kila mmoja akijitambulisha kwa ushahidi. Kuna pia suala la "ya kutolea", yaani nyongeza ya kulipia makato ya wakala ili ahadi ifike kamili. Tanzania ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu mwezi Julai 2021, nyongeza hiyo iliuma kiasi cha kuwa gumzo la kila baraza, na Septemba mwaka huo huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Anayechangia kidogo anashauriwa hasa kutuma na ya kutolea, maana elfu ishirini iliyofika pungufu humlazimu mweka hazina kuchagua kati ya kuandika uongo na kumwaibisha mtu.

Swali la pili la barua lina jibu la wazi. Tiki za bluu zililetwa mwezi Novemba 2014, na muda mfupi baadaye watumiaji wakapewa uwezo wa kuzizima. Uwezo huo haufanyi kazi ndani ya kundi. Hata aliyezima tiki zake huonekana humo: mwandishi wa ujumbe akiubonyeza kwa muda na kufungua taarifa zake, anaona majina ya waliousoma na saa waliyousoma. Kwa hiyo mwenyekiti anayetaka kujua atajua. Ni wachache wanaotafuta, kwani mwenyekiti wa harusi ana ukumbi, mapambo, keki na mshereheshaji wa kufuatilia, lakini msomaji asiupange ukimya wake akidhani hauonekani.

Kulefti nako si kama zamani. Kwa miaka mingi kila aliyetoka alitangazwa mbele ya kundi zima, na tangazo hilo liliwafunga watu wengi kuliko upendo. Agosti 2022 WhatsApp ilitangaza kwamba anayetoka atajulikana kwa wasimamizi wa kundi peke yao. Hata hivyo jina lake huendelea kuonekana kwenye orodha ya waliotoka kwa siku 60, na mjumbe yeyote anaweza kuifungua. Katika harusi, zaidi ya hayo, wasimamizi ni familia yenyewe. Anayetoka kimyakimya anafichwa machoni pa watu ambao wasingejali, na anaonekana na wale wale aliotaka wasimwone. Kuna njia ya katikati: kundi linaweza kunyamazishwa moja kwa moja, jambo lililowezekana tangu Oktoba 2020, kisha likaondolewa kwenye ukurasa wa mbele na kuwekwa kwenye mazungumzo yaliyohifadhiwa. Tangu 2021 lililowekwa huko halirudi juu hata ujumbe mpya ukiingia. Hiyo inatosha kumpa mtu usingizi, ingawa haimwondolei deni la kujibu.

Kinachomfunga mtu katika mambo haya hakimo ndani ya simu. Mwanaanthropolojia wa Ufaransa Marcel Mauss, katika insha yake ya mwaka 1925 kuhusu zawadi, alieleza kwamba katika jamii nyingi zawadi hubeba wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Wajibu wa tatu unafahamika vyema katika nyumba za Tanzania bila kitabu. Lipo daftari la harusi iliyopita, lenye majina ya waliotoa na walichotoa, nalo hufunguliwa kila mwaliko mpya unapoingia. Mama wa Morogoro anashauriwa alifungue kabla ya kugusa simu.

Kwa binti wa dada yake hakuna la kufungua. Yeye ni mama wa bibi harusi kwa mila, na mama halefti. Aandike ahadi anayoimudu, aiandike mapema kabla orodha haijarefuka, na kama fedha ni chache ampigie dada yake amwambie atakuja siku tatu kabla kusaidia jikoni. Kwa ndugu wa damu mikono miwili jikoni inathaminiwa kuliko laki moja iliyotumwa na mtu asiyeonekana.

Kwa mfanyakazi mwenzake daftari ndilo lenye jibu. Ikiwa alimchangia msomaji kwenye harusi au msiba, kiasi kama kile kile kirudi, bila kushindana na walioandika kikubwa. Ikiwa hawajawahi kuchangiana, kiasi cha kawaida cha wenzake wa ofisini kinatosha. Kitumwe moja kwa moja na salamu, na kundi linyamazishwe.

Kundi la tatu ndilo pekee la kutoka, na utaratibu wake ni kusema kwanza na kutoka baadaye. Atafutwe mama wa bwana harusi mwenyewe, si mwenyekiti, aandikiwe pembeni kwa upole: "Shikamoo mama. Nimeona habari za harusi ya kijana wetu, nimefurahi mno, amekua kweli. Safari hii mkono wangu ni mfupi, sitaweza kuwa kwenye kamati. Nawaombea heri, na siku nikipita huko nitakuja kumwona mkwe." Ujumbe kama huo humrudishia mtu mzima kile ambacho kundi lilikiruka, yaani kujuliwa hali. Ukishajibiwa, msomaji atoke. Asitafute kisingizio cha safari au ugonjwa, kwani picha moja ya stetasi itamuumbua.

Kosa la kuepukwa kuliko yote ni kuandika ahadi ili kumaliza aibu, kisha kutolipa. Ahadi ni deni, na katika harusi deni hilo lina wenye kulitegemea. Kamati hujumlisha ahadi, hulipa kianzio cha ukumbi, humpa mpishi idadi ya sahani, na huagiza vinywaji kwa kufuata jumla ile. Ahadi kumi zisizolipwa hugeuka mkopo ambao baba wa bwana harusi anautafuta wiki ya mwisho, ndipo jumbe za "tunakumbushana ahadi zetu" zinapoanza kumiminika usiku na mchana. Aliyekataa mapema hakuharibu hesabu yoyote. Mwenyekiti mwenye uzoefu humshukuru.

Kwa siku zijazo, mipangilio ya faragha ya WhatsApp tangu Aprili 2019 inamruhusu mtu kuchagua nani anaweza kumwingiza kundini. Asiyeruhusiwa hulazimika kumtumia mhusika kiungo cha mwaliko pembeni, nacho hudumu saa 72. Kwa wenye harusi mlango huo haupaswi kuwa kero. Kumwandikia mtu mistari miwili ya kumwomba kabla ya kumwingiza ni kazi ndogo kuliko ile ya aliyepanda daladala na kadi mkononi, na kundi la watu arobaini waliokubali huchanga kwa moyo kuliko la mia tatu waliojikuta humo.

Makundi mawili yatakayobaki kwa msomaji yana mwisho wake wa kimila. Baada ya harusi hufanyika siku ya kuvunja kamati, ambapo wajumbe hula pamoja, mapato na matumizi husomwa, na mweka hazina hutaja kilichobaki au kilichopungua. Siku hiyo ndiyo ya kulefti bila swali la mtu yeyote. Aandike neno la shukrani kwa wenyeji na kuwatakia maharusi maisha mema, kisha atoke jioni ile ile, kabla kundi halijageuzwa la kuuzia viatu au la mchango wa harusi nyingine.